Ungo wa Mahindi

Marahaba, mjukuu wangu. Vuta kigoda ukae. Usinisimamie mlangoni kama mtu anayewahi gari la Moshi mjini. Magari yapo hadi jioni, na shingo yangu haitaki tena kuongea na mtu aliyesimama.

Mama yako kanisomea barua ya udhamini mara mbili. Miaka minne ughaibuni, shahada ya uzamivu, roboti za kuwarudishia watu nguvu za viungo, pamoja na elimu ya ubongo. Nimefurahi sana. Naitanguliza furaha hiyo kwa sababu nitakayosema yanaweza kukufikia kama maneno ya mzee anayemshika mtoto nguo asiondoke. Sikushiki. Nimechoka tu, na nina machache ambayo sipendi kuzikwa nayo.

Usiondoke ukidhani unatoka gizani. Nimewasikia vijana wakiwaambia wageni kwamba huku kwetu hakuna kitu, ili waonewe huruma wapewe nafasi. Hiyo nafasi hugharimu baadaye. Hospitali ya KCMC ilianza kazi mwaka 1971, na mwaka 1981 serikali yetu kwa msaada wa Wajerumani ikafungua palepale chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Tangu hapo vijana wa nchi nyingi za Afrika wamefunga safari kuja Moshi kujifunza kutengeneza mguu. Nimewahi kukaa katika karakana ile nikawatazama: wanachukua umbo la kigutu kwa plasta, wanalichonga na kulisawazisha, wanapasha bamba la polipropilini kwenye tanuri mpaka lilegee kama unga uliokandwa, kisha wanalivika juu ya umbo na kufyonza hewa hadi lishike. Harold Shangali, aliyekiongoza chuo hicho kwa miaka mingi, alifika kuwa rais wa ISPO, chama cha dunia cha fani hiyo. Kazi yake aliifanyia hapa, chini ya mlima huu unaouona.

Na ubongo nao tumeuhesabia hapa. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006 watafiti walipita katika wilaya yetu ya Hai, kwenye njia hizihizi za migombani, wakitafuta kila mtu aliyepatwa na kiharusi miongoni mwa watu karibu 160,000. Walikuwa Watanzania na Waingereza, akina Richard Walker. Waliowakuta hai waliwapima. Waliofariki kabla ya kuonwa na daktari, waliwahoji ndugu zao kwa utaratibu, wakajua marehemu alianza kulegea upande gani na siku ngapi kabla ya kufa. Hai walipata wagonjwa 453. Walipolinganisha umri, ilikuwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na katika mitaa waliyoichunguza Dar es Salaam ikawa 315.9. Taarifa ilitoka katika jarida la Lancet Neurology mwaka 2010. Takwimu hizo zimetoka katika nyumba za watu ambao mama yako anawajua kwa majina. Ukizikuta kwenye kitabu huko uendako, zisome taratibu.

Sasa hizo mashine zako. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, lakini masikio yapo, na kuna vijana wa fiziotherapia ambao bado hupita hapa kunisalimia na kunieleza mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale MIT nchini Marekani, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walitengeneza roboti inayoushika mkono wa mgonjwa aliyepooza na kumwongoza afuate alama kwenye kioo cha kompyuta. Mgonjwa akiweza, mashine inamwachia. Akikwama, inamsogeza pole pole. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilinyamaza kitambo. Ile ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote kwa mikono hii, ila mashine haichoki ifikapo saa tisa alasiri kama nilivyochoka mimi, wala haina wagonjwa wengine ishirini kwenye benchi.

Lakini ukiipenda mashine, ipende kwa macho yaliyo wazi. Mwaka 2010 Wamarekani walitoa matokeo ya majaribio kwa askari wastaafu 127 waliokuwa wamepooza mkono. Vipindi 36 kwa kila aliyepewa mazoezi mazito, na kila kipindi mkono ukitembezwa zaidi ya mara 1,000. Waliofanyishwa na roboti hawakuwashinda waliofanyishwa na binadamu kwa wingi uleule. Kisha mwaka 2019 Waingereza, wakiongozwa na Helen Rodgers wa Newcastle, wakatoa matokeo ya wagonjwa 770. Mkono uliofundishwa na roboti ulionyesha unafuu kidogo ulipopimwa misuli na viungo. Walipouliza je, mkono huu unafanya kazi zake za kila siku kuliko wa yule aliyepata huduma ya kawaida, jibu lilikuwa hapana.

Nataka ukae na hiyo hapana. Wengi katika fani yako wataikimbia kwa kujenga mashine nyingine yenye mota nyingi zaidi, maana mashine mpya huleta makala mpya na makala huleta ruzuku. Wewe iulize swali: mkono uliopona maabara hupotelea wapi njiani ukirudi nyumbani?

Nitakueleza ninavyofikiri mimi, na utanisahihisha ukishajua zaidi yangu. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walikaa kwenye vyumba vya mazoezi vya Marekani na Kanada wakahesabu. Katika kipindi kimoja cha tiba, mgonjwa wa kiharusi alifanya mazoezi ya mkono yenye kazi ndani yake mara 32 tu, kwa wastani. Thelathini na mbili. Na hizo ni nchi zenye kila kitu. Sasa weka pembeni yake kazi ya Randolph Nudo ya mwaka 1996. Aliwafundisha nyani wadogo, waliojeruhiwa sehemu ya ubongo inayouongoza mkono, kuchokoa punje za chakula kutoka kwenye vishimo vidogo. Walichokoa mamia kwa mamia, siku baada ya siku, na ile sehemu ya ubongo iliyokuwa inapakana na jeraha haikuuacha mkono upotee. Ubongo ulijipanga upya kwa sababu ulipewa kazi nyingi, ngumu kiasi, yenye chakula mwishoni mwake. Wazee wetu waliposema haba na haba hujaza kibaba, hawakuwa wanazungumzia neva, lakini kipimo walikitaja: kibaba. Sisi wataalamu tulikuwa tunatoa haba, kisha tunamwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi.

Nami nilikuwa mmoja wao, na mahali nilipolipia ni humu ndani.

Bibi yako ulimwona, ila ulikuwa mdogo. Kiharusi kilimpata akitoka kukata majani ya ng'ombe. Upande wa kulia wote ukalegea. Mguu ukarudi baada ya wiki kadhaa, mkono ukabaki mapajani kama kitu cha jirani alichoombwa kukishika. Nami nilikuwa mtaalamu. Kila asubuhi niliuinua, nikaushusha, nikaukunja, nikaukunjua, kumi, na kumi, na kumi, kama nilivyofundishwa na kama nilivyowafundisha wengine. Baada ya hapo nilimpenda kwa namna niliyoijua: nikamlisha, nikamvika, nikamwambia apumzike. Shangazi zako wakapokea jiko. Miezi miwili ikapita na mkono ulikuwa palepale.

Kuna jambo lingine lililokuwa linaendelea na mimi sikuliona. Bibi yako aliacha kwenda kanisani. Akaacha misiba. Rambirambi akatuma kwa mtoto, ikiwa imefungwa kwenye bahasha. Nilidhani ni mguu, njia yetu ina mteremko na masika yalikuwa yameanza. Siku moja mke wa jirani akaja kumwona, akanyoosha mkono wa salamu, na bibi yako akageuka akaangalia ukutani. Ndipo nikaelewa. Kwetu mkono wa kushoto hausalimii wala haupokei kata ya mbege kwa mkubwa, na wa kulia ulikuwa umelala. Mama aliyekuwa anasalimia kijiji kizima alikuwa amejificha.

Nilikuja kusikia baadaye habari za Edward Taub wa Alabama, aliyeutia mkono mzima ndani ya glovu nene ili mgonjwa alazimike kuutumia ule dhaifu, na mkono dhaifu ukaamka. Nikafikiri sana. Desturi yetu ilikuwa imeufunga mkono wa kushoto wa bibi yako pasipo glovu yoyote, ila ikamfunga na yeye ndani ya nyumba. Kama mtu angekuwepo wa kuigeuza aibu ile iwe mazoezi, tungepata nusu ya tiba ya Taub bure. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Hilo halikuwa kwenye fomu yoyote niliyojaza kazini, na sijui kama limo kwenye fomu utakazojaza wewe. Liingize.

Kilichotokea ni hiki. Alasiri moja nimerudi, nimemkuta uani, ungo mapajani, hindi ameligandamiza kwa mkono wa kushoto dhidi ya paja, na kidole gumba cha kulia kinasukuma punje. Kinateleza. Kinarudi. Punje moja inaanguka. Nikamfokea, nikamuuliza nani kampa kazi. Akanijibu bila kuinua uso, na sauti yake bado ilikuwa nzito: "Wewe unaufanyisha mkono mazoezi. Mimi nina mahindi."

Mjukuu wangu, hindi moja lina punje mia nne, mia tano. Nilikaa chini nikahesabu naye kimoyomoyo, na kabla ya giza kuingia alikuwa amepita mazoezi yangu ya wiki nzima. Kesho yake akaendelea. Baada ya mahindi yakaja maharage ya kuchambua, ambayo ni magumu zaidi kwa sababu lazima ubane, usisukume tu. Kufikia mavuno ya kahawa aliweza kushika kikombe kwa mikono miwili. Vidole viwili vya mwisho havikurudi kamwe. Lakini Pasaka iliyofuata alisimama mlangoni mwa kanisa akatoa mkono wa kulia, uliojikunja kidogo, na watu wakaupokea.

Usije ukaniandikia utafiti kwamba ungo ni dawa. Ungo ulimfaa yeye kwa sababu kidole chake kilikuwa tayari kinacheza, na aliliona hilo kabla yangu. Waholanzi, akina Rinske Nijland na Gert Kwakkel, walionyesha mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayeweza kunyoosha vidole japo kidogo na kuinua mkono pembeni kutoka begani ndani ya siku mbili za mwanzo, watu kama yeye 98 kati ya 100 hupata kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi sita. Asiyeweza yote mawili, ni 25 tu. Hiyo ni elimu ya ubongo ya hali ya juu, na haihitaji umeme. Inahitaji mtu aliyefundishwa atazame vidole kitandani mapema, asiseme tu "tutaona". Niliishi na kazi hii miaka mingi bila kipimo hicho, na nikawapa matumaini ya uongo waliokuwa hawana, na nikawakatisha tamaa wengine ambao vidole vyao vilikuwa vinasema kitu.

Wale wa kundi la pili, ambao mkono umelala kabisa, hao hawawezi kusukuma hata punje moja. Hapo ndipo ninapoiona mashine yako: ibebe uzito wa mkono, ili ile chembe ya nguvu iliyobaki ionekane na ifanyiwe kazi. Na ninaiona kwa vijana wa uti wa mgongo. Haleluya Moshi, mtaalamu wa fiziotherapia wa hapa KCMC, na wenzake walichapisha mwaka 2017 majeraha ya uti wa mgongo yaliyofika hospitalini pale kwa miaka mitano: karibu nusu yalitokana na kuanguka, na kwa mkoa wetu ilikuwa si chini ya watu 26 kwa kila milioni kwa mwaka. Wewe umekulia hapa, unajua watu huanguka wapi. Ni kwenye mringaringa, akikata matawi kupunguza kivuli cha kahawa. Ni kwenye mparachichi. Kijana anapanda mzima, anateremshwa kwenye blanketi.

Huko uendako utaoneshwa mashine ya kutembeza watu, ile iliyotengenezwa Uswisi iitwayo Lokomat: mgonjwa ananing'inizwa kwa mikanda, miguu inachukuliwa hatua kwa hatua juu ya mkanda ulio sawa. Ni kazi ya akili kubwa na bei yake inaweza kununua mabasi madogo kadhaa ya abiria. Usiidharau. Ila kabla hujasifu, funga macho ukumbuke njia ya kutoka barabara kuu hadi kwetu wakati wa masika, lile tope jekundu, ule mfereji wa kuruka, lile jiwe la babu yangu linalosumbua hata wenye miguu miwili mizima. Kijana wa kiti mwendo anarudi kwenye njia hiyo. Nani anamfanyia utafiti wa jiwe lile?

Niliwahi kufanya kazi mahali palipoletewa mashine ya mazoezi kutoka ng'ambo. Siitaji hospitali, haina maana tena. Tulicheza ngoma siku ya kuipokea. Ilifanya kazi miezi michache, umeme ukaja na kuondoka kwa nguvu, kitu ndani kikaungua, na programu yake ikadai ufunguo ambao hatukuwa nao. Fundi wa karibu alikuwa bara jingine. Kulikuwa na mama mmoja, mgonjwa wangu, ambaye kila wiki alikuja na kuuliza jambo moja kabla hajakaa: "Imepona?" Aliulizia mashine. Sikuweza kumjibu, na baadaye hakuja tena. Mashine tukaifunika shuka, na juu ya shuka watu wakaanza kuweka makoti.

Kwa hiyo ukibuni, buni kitu ambacho fundi wa hapa Moshi mjini anaweza kukifungua. Wapo wanaolifikiria hilo. Yupo Michelle Johnson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyeanza na usukani wa michezo ya kompyuta, ule unaovuta mkono ukiugeuza, akautengenezea tiba ya kiharusi, na akaipeleka kazi yake ya roboti za bei nafuu hadi Botswana. Mtafute. Msome. Kama unaweza, mwandikie, na ujitambulishe ulikotoka bila kunung'unika.

Ngoja nipumzike kidogo. Nipe hayo maji.

Sasa, usomi wenyewe. Utahesabiwa kwa makala, na utajifunza haraka kwamba mpangilio wa majina juu ya makala ni vita. Sikuambii ukae nje ya vita. Nakuambia hivi: ukichukua vipimo hapa kwetu, jina la mtaalamu wa fiziotherapia aliyembeba mgonjwa hadi kwenye kiti chako liwe juu ya makala, lisiwe kwenye mstari wa shukrani. Nimeshukuriwa mara nyingi katika mistari hiyo. Na ukimaliza, rudi kwenye zile nyumba ueleze ulichokikuta, kwa Kiswahili, na kwa Kichagga kwa wazee. Kuna watafiti waliowahi kuja kupima watu wangu, wakachora, wakapiga picha, na hata leo mzee mmoja jirani hufikiri wana dawa waliyosahau kumletea. Amewasubiri muda mrefu sana.

Usimshike mtu mkono kabla hujamsalimia. Najua huko watamwita mshiriki namba kadhaa, na zipo sababu nzuri za siri ya mgonjwa. Kwenye karatasi mwite namba. Kwenye chumba mwamkie kwanza, shikamoo yake umpe, umsikilize anachotaka kufanya na huo mkono. Mmoja atakuambia anataka kukamua ng'ombe. Mwingine kufunga kitenge mwenyewe bila kumwita mkwe. Hayo ndiyo matokeo ya utafiti wako, na kila kipimo kingine kiwe mtumishi wake.

Watakuomba usimame kwenye picha za vipeperushi vya chuo. Simama, ukitaka. Lakini wakikuomba useme Afrika nzima inahitaji nini, wajibu kuhusu Hai, maana Hai unaijua.

Na suala la kurudi. Nimelikwepa makusudi. Mama yako ananitazama tangu asubuhi akitaka nilisemee. Sikulazimishi. Nimewaona waliorudi wakakosa hata meza, wakavunjika moyo, na nimewaona waliobaki wakafanya mengi kwa ajili yetu kuliko sisi tuliokuwepo. Ninachokuomba ni kidogo zaidi na labda ni kigumu zaidi: popote utakapokuwa, wakati unaweka skrubu kwenye hicho kifaa chako, ujue mkono unaokwenda kukivaa unarudi nyumba gani, kwenye njia ipi, kwa nani anayeukumbusha kazi.

Naona bado una mashaka na mahindi yangu. Vizuri, mtafiti asiwe mtu wa kuamini haraka. Ungo uko nyuma ya mlango, na kuna mahindi juu ya dari. Shusha mawili. Kaa hapa karibu, funga hivyo vidole vyako viwili vya mwisho kwa kitambaa, na ushike kwa mkono wa kushoto kama alivyoshika yeye. Kidole gumba kwanza. Mimi nitahesabu.